UZI: Namna ya kupata mkutano wa kikundi cha kuacha pombe, na kuhakikisha upo kweli kabla hujafunga safari

#1 Mshumaa (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu. Swali la "nitapata wapi kikundi cha kuacha pombe" linaulizwa kila mara na majibu yake yametawanyika kwenye nyuzi mbalimbali. Tuyakusanye hapa. Wanaoendesha vikundi, wahudumu wa afya na wanafamilia, karibuni mrekebishe na kuongeza. Ombi langu ni moja: tuelekezane namna ya kufanya. Simulizi za maisha zina uzi wake.

Naanza na jambo ninaloliona kubwa kuliko yote. Kutafuta mkutano ni kazi mbili: kuupata kwenye orodha, na kuthibitisha kwamba bado unafanyika. Wengi hufanya ya kwanza wakaishia hapo. Orodha hutunzwa na watu wanaojitolea. Kikundi kikihama ukumbi au kikisambaratika, mara nyingi hakuna anayekumbuka kumjulisha mwenye orodha. Sasa mtu amekusanya ujasiri wiki nzima, anafika, anakuta geti limefungwa kwa kufuli na mlinzi hajui lolote. Huyo kumrudisha wiki inayofuata ni kazi ngumu mno. Kwa hiyo usiende kwenye mkutano ambao hujauthibitisha, na usitoke nyumbani ukiwa na mkutano mmoja tu mkononi. Kuwa na wa pili wa siku hiyo hiyo, hata ukiwa wa mtandaoni.

Pa kutafutia, kwa mpangilio huu:

1. Alcoholics Anonymous, yaani AA, ndiyo yenye mikutano mingi zaidi duniani. Ilianza Akron, Ohio, Marekani, mwaka 1935, na leo ina vikundi katika nchi zipatazo 180. Ingia kwanza tovuti ya AA ya nchi uliyopo. Nchi nyingi zina ofisi ya huduma yenye namba ya simu na orodha kwa kila mji. Tafuta kwa Kiingereza pia, jina la mji likifuatiwa na "AA meeting", maana orodha nyingi zimeandikwa kwa lugha hiyo hata pale ambapo mkutano wenyewe unaendeshwa kwa lugha nyingine.

2. Programu ya simu inayoitwa Meeting Guide. Ni ya AA wenyewe na ni ya bure. Alama yake ni kiti cheupe cha kukunja kwenye rangi ya buluu. Inaonyesha mikutano ya karibu na ulipo, ya ana kwa ana na ya mtandaoni, kwa kutumia taarifa zinazoletwa na ofisi za AA za maeneo husika. Eneo ambalo ofisi yake haijajiunga litaonekana tupu hata kama lina vikundi, kwa hiyo usikate tamaa kwa sababu ya ramani.

3. Hospitali yenye kliniki ya afya ya akili. Uliza kwa mshauri nasaha au ofisa ustawi wa jamii, usiishie mapokezi. Hawa ndio wanaojua kikundi kipi bado kiko hai, kwa kuwa wanawaelekeza watu huko.

4. Viongozi wa nyumba za ibada na wasimamizi wa kumbi za jamii. Vikundi vingi hukodi chumba huko, na anayetunza ufunguo wa chumba anajua kama watu wanakuja au hawaji.

Ukishapata jina la mkutano, piga simu na uulize maswali haya, tena kwa maneno haya haya ikibidi: Mkutano huu ulifanyika lini mara ya mwisho? Mnaingilia mlango upi? Mtu mgeni kabisa anaruhusiwa siku hiyo? Mnatumia lugha gani? Kuna mtu anayeweza kunipokea nje dakika kumi kabla?

Swali la mwisho usiliache. Kumpokea mgeni ni sehemu ya kazi ya kikundi, na mwanachama atakayesimama mlangoni ana thamani kuliko ramani yoyote. Ukiulizia ulifanyika lini mara ya mwisho, mtu akajibu "nadhani bado wanakutana", hujapata uthibitisho. Omba namba ya mtu aliyehudhuria wiki iliyopita.

#2 Kitendawili

Asante mleta uzi. Mimi nakwama kwenye herufi. Kwenye orodha moja naona O, C, BB, ST, W, ONL na TC. Ni kitu gani? Na nikienda kwenye usio sahihi nitafukuzwa?

#3 Mwenye_Funguo

Mkuu Kitendawili, herufi zinatofautiana kidogo kutoka orodha moja hadi nyingine, lakini hizo ni za kawaida.

O ni mkutano wa wazi: yeyote anaweza kuingia, awe anakunywa, ndugu wa anayekunywa, mwanafunzi wa uuguzi, au mtu anayetaka tu kujua. C ni mkutano wa wenye tatizo la pombe tu, yaani wanaotaka kuacha. D ni wa majadiliano. BB wanasoma kitabu kikuu cha AA kilichotoka mwaka 1939. ST wanasoma Hatua 12, yaani mwongozo wa AA wa kuacha pombe, moja baada ya nyingine. SP ni wa mzungumzaji mmoja, wengine wanasikiliza. W ni wa wanawake, M ni wa wanaume. ONL ni wa mtandaoni. TC ni ukumbi uliofungwa kwa muda: ukiiona pamoja na ONL maana yake wanakutana mtandaoni tu, kwa hiyo anwani iliyoandikwa pale usiifuate.

Kuhusu kufukuzwa, wageni huiogopa sana herufi C wakidhani kuna usajili. Hakuna. Pokeo la Tatu la AA, yaani kanuni ya tatu ya kuendesha vikundi, linasema sharti pekee la uanachama ni hamu ya kuacha kunywa. Kama unataka kuacha, au unahisi huenda unataka, C inakuhusu. Hakuna fomu, hakuna kitambulisho, hakuna mtu wa kukupima kama umeathirika kiasi cha kutosha. Anayekwenda kumsindikiza ndugu ndiye anayepaswa kuchagua O.

Kwa mara ya kwanza mimi humshauri mtu achague D au mkutano wa wageni kama upo. SP ni mzuri kwa asiyetaka kuulizwa kitu, ila hutaona jinsi watu wa kawaida wa kikundi wanavyozungumza. ST unaweza kukuta wako Hatua ya 9, ya kulipa fidia kwa uliowakosea, na mgeni akatoka pale ametishika bure.

#4 Muuguzi_wa_Zamu

Naomba niingilie kabla hatujaenda mbali, maana kuna watu watasoma uzi huu leo na kuacha pombe leo.

Kwa anayekunywa kila siku kwa wingi, hasa anayeamka akitetemeka au akitoka jasho mpaka apate ya kwanza, kuacha ghafla peke yake nyumbani kunaweza kumuua. Mkutano haumtibu mtu huyo. Anahitaji daktari kwanza, au daktari na mkutano kwa pamoja.

Mfuatano wake huwa hivi. Ndani ya saa 6 hadi 24 tangu kinywaji cha mwisho huanza kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi. Degedege, kama litakuja, kwa kawaida huja kati ya saa 6 na 48. Kuchanganyikiwa kukali, mtu akiona visivyokuwepo, homa ikapanda na mwili ukatetemeka wote, huja zaidi kati ya saa 48 na 96, yaani siku ya pili hadi ya nne. Hapo ndipo familia hudanganyika: siku ya kwanza imepita salama, wanamwacha peke yake, hatari yenyewe inakuja siku ya tatu.

Aliyewahi kupata degedege wakati wa kuacha yuko kwenye hatari kubwa zaidi safari hii. Kila kuacha na kurudi kuna tabia ya kuufanya uachaji unaofuata uwe mkali zaidi.

Hospitali hutumia dawa za kundi la benzodiazepini kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, yaani thiamini. Kwa mgonjwa aliyedhoofu thiamini hutolewa kabla ya dripu ya glukosi au pamoja nayo, kwa sababu sukari ikiingia mwilini mwa mtu asiye na thiamini inaweza kuumiza ubongo. Hizi benzodiazepini msizinunue kienyeji. Zikichanganywa na pombe zinazima pumzi.

Anayetaka kujipima yuko wapi atumie dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani. Lina maswali 10, kila moja lina alama 0 hadi 4, jumla 40. Alama 8 kwenda juu zinaashiria unywaji hatarishi, na 20 kwenda juu uwezekano wa utegemezi. Mwenye 20 aonane na daktari kabla ya kupanga tarehe ya kuacha.

#5 Mshumaa (mleta uzi)

Asante sana muuguzi. Wakuu, someni #4 kabla ya #1.

#6 Jicho_la_Tatu

Swali la kweli: je, mtu anaweza kwenda akiwa amekunywa? Kuna wanaosema mpaka uwe mkavu siku kadhaa.

#7 Mwenye_Funguo

Anaweza. Sharti ni hamu ya kuacha, halimlazimu mtu awe ameshaacha. Vikundi vingi vitamwomba asikilize tu siku hiyo asichangie, na kikundi kina haki ya kumtoa nje mtu anayefanya fujo. Asiendeshe gari. Akae karibu na mlango, na kama kuna mtu wa kumpokea amwambie wazi, "leo nimekunywa". Hiyo kauli hawaishangai kabisa.

Wanaosema "subiri mpaka uwe mkavu" wanamrudisha mtu nyumbani siku ile ile aliyokuwa amedhamiria.

#8 Bahari_Shwari

Nina ndugu ambaye hataki kusikia habari za "Nguvu iliyo kuu kuliko sisi" inayotajwa kwenye Hatua za AA. Amesema mambo ya sala yakianza anatoka. Nimfanyeje?

#9 Fundi_Fikra

Dada Bahari, AA si mlango pekee, japo ndio mpana zaidi. Mwelezee hii mingine.

SMART Recovery ilianza mwaka 1994. Haina hatua wala suala la kiroho. Inatumia mbinu za tiba ya fikra na tabia. Mambo yake ni manne: kujenga na kudumisha ari, kukabiliana na hamu inapopanda, kusimamia fikra na hisia na matendo, na kuishi maisha yenye uwiano. Mwezeshaji amefunzwa, na si lazima awe aliwahi kuwa mraibu. Watu wanajibizana na kufanya zoezi, kwa mfano kuandika faida na hasara za kunywa na za kuacha, za sasa na za baadaye. Tovuti yao ina kitafutio cha mikutano na mingi iko mtandaoni.

LifeRing nayo haina mambo ya dini. Mkutano wake huzunguka swali moja, wiki yako imekuwaje, na watu huongea kama mazungumzo ya kawaida. Women for Sobriety ni ya wanawake na ilianza miaka ya 1970 Marekani.

Kwa upande wa pili, wapo wanaotaka dini iwe wazi zaidi. Blue Cross ni ya Kikristo, ilianzishwa Uswisi mwaka 1877 na mchungaji Louis-Lucien Rochat, na ina matawi nchi mbalimbali. Millati Islami inafuata hatua 12 zilizoandikwa upya kwa misingi ya Uislamu, na ilianzia Baltimore, Marekani.

Niseme na hili, maana huwa tunalinyamazia. Vikundi vya AA vinatofautiana sana kimoja na kingine. Kipo kinachofunga kwa sala wakiwa wameshikana mikono, na kipo kinachojitambulisha kwenye orodha kuwa si cha kidini kabisa. Hatua zenyewe zinasema "Mungu kama tulivyomwelewa", na anayetaka kunyamaza wakati wa sala ananyamaza. Kwa hiyo kumhukumu AA kwa mkutano mmoja si haki. Ajaribu vikundi vitatu vinne tofauti.

Na kwa wanaouliza kama inafaa kitu: mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, ya mwaka 2020 yalijumlisha tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Yaliona kwamba tiba ya kitaalamu inayomuunganisha mtu na AA ilifanya vizuri kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa, ikiwemo ya fikra na tabia, kwenye kipimo cha kuacha kabisa bila kukatisha. Kwenye vipimo vingine zilikaribiana. Zingatia: ni kuunganishwa na AA na kuendelea kwenda. Kutajiwa jina la AA tu na kuachwa hapo ni kitu kingine.

#10 Kipanga

Hapo kwenye vikundi vitatu vinne mimi naongeza viwe sita. Mkutano wa kwanza mtu hasikii chochote, anasikia moyo wake unavyopiga.

#11 Saa_na_Majira

Niongelee ya mtandaoni, kwa sababu kwa wengi huo ndio mkutano pekee unaofikika, na ndipo watu wanapopotea kizembe.

Orodha kubwa ni ya Online Intergroup ya AA. Mikutano iko saa zote 24, ya video, ya simu tu, na ya barua pepe. Kosa la kwanza ni saa. Orodha huandika kwa mtindo wa saa 24, na 20:00 ni saa mbili usiku. Watu wanaikosa mikutano kwa kusoma 08:00 kama saa nane.

Kosa la pili ni majira. Mkutano wa London wa 19:00 ni 19:00 UTC (saa ya kimataifa ya kulinganishia) wakati wa baridi, lakini 18:00 UTC wakati wa kiangazi. Kwa aliye UTC+3, yaani saa tatu mbele ya UTC kama Afrika Mashariki, huo ni saa nne usiku miezi ya baridi na saa tatu usiku miezi ya kiangazi. Wa New York wa saa sita mchana ni 17:00 UTC baridi na 16:00 UTC kiangazi. Marekani wanasogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ulaya ni Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Wewe ambaye saa yako haibadiliki, mkutano uliouzoea utahama saa nzima bila mtu kukuambia. Weka kumbukumbu kwenye kalenda ya simu kwa saa ya mji wa mkutano, usiiweke kwa saa yako, na simu itajirekebisha yenyewe.

Tatu, jina. Zoom inaonyesha jina lililo kwenye akaunti yako, na wengi wameandika jina kamili, wengine na la kampuni. Badilisha kabla ya kuingia: weka jina la kwanza tu na herufi moja. Ukishaingia ndani ndio unabadilisha, watu wote wamekwisha kulisoma. Zima kamera na maikrofoni kwenye ukurasa wa kujiunga. Wengi hawatakuuliza kwa nini umezima.

Nne, namba. Utambulisho wa mkutano ni tarakimu 9 hadi 11 na nywila yake iko pembeni. Nywila ikikataa, kawaida ni herufi kubwa na ndogo, au imebadilishwa baada ya wavurugaji kuvamia. Tumia barua pepe ya mawasiliano iliyo kwenye tangazo. Ukiwekwa kwenye chumba cha kusubiri, subiri angalau dakika tano; mtu anayefungua mlango anaendesha mkutano wakati huo huo.

Tumia spika za masikioni. Siri yako ni moja, lakini sauti zinazotoka kwenye simu yako ni siri za watu ishirini.

#12 Pazia

Hapo kwenye siri niongeze: makundi ya WhatsApp. Ukijiunga, kila mwanachama anaiona namba yako, na picha yako pia kama hujaifungia. Mtu mmoja akiwa na namba yako kwenye simu yake, jina lako linamtokea papo hapo. Kabla ya kujiunga, nenda kwenye mipangilio ya faragha, picha na "kuhusu" ziwe za watu ulio nao kwenye orodha yako tu. Kama unaweza, tumia laini nyingine. Makundi ya Facebook, hata yale ya faragha, wanakundi wanaona jina lako la akaunti.

Kuingia mkutano kwa kupiga simu ya kawaida kunaweza kuonyesha sehemu ya namba yako kwa wenye mkutano.

#13 Bahari_Shwari

Ndani kunakuwaje hasa? Ndugu yangu anataka kujua dakika kwa dakika, ndio tabia yake.

#14 Mwenye_Funguo

Mwambie hivi, na huu ni mkutano wa kawaida wa AA wa saa moja. Vingine huenda hadi saa moja na nusu.

Fika dakika 10 hadi 15 kabla. Nje kunaweza kusiwe na bango, au kuna karatasi yenye AA tu, mara nyingi imebandikwa mlango wa nyuma au wa pembeni. Kwenye viwanja vya ndege na meli za abiria huandikwa "Friends of Bill W.", likiwa jina la mmoja wa waanzilishi.

Viti viko duara au mistari. Mwenyekiti wa siku anafungua, anasoma utangulizi mfupi, wengine wanasoma hatua. Kisha anauliza kama kuna mgeni. Kujibu si lazima. Akitaka, atasema jina la kwanza na "leo nasikiliza tu", yatosha. Kusema "mimi ni mlevi" ni desturi yao, hakuna sharti la mgeni kulisema. Kisha watu wanachangia, mmoja mmoja, dakika tatu hadi tano. Hakuna kujibizana wala kushauriana wakati mwingine anaongea. Mgeni wa kwanza hushangaa: mtu ametoa jambo zito, wanasema asante, wanakwenda kwa anayefuata. Si ukatili. Ndivyo wanavyohakikisha kila mtu anasema bila kuhojiwa.

Kapu linapita karibu na mwisho. Mgeni hatakiwi kutoa. AA inajitegemea kwa michango ya wanachama wake na haipokei ya nje, na hakuna ada. Ukiona "AA" inadai kiingilio au ada ya mwezi, hicho ni kitu kingine, labda kituo cha tiba kinachotumia hatua 12.

Mwishoni asikimbie. Dakika kumi za baada ya mkutano ndizo zinazofanya kazi: hapo watu wanabadilishana namba. Achukue mbili au tatu, na apige moja siku ya pili kabla haijawa lazima. Namba ambayo hujawahi kuipiga huwezi kuipiga usiku umebanwa.

#15 Lulu_ya_Pwani

Kwa dada zangu. Namba mnazochukua ziwe za wanawake. Sponsa, yaani mwenzako aliyetangulia anayekuongoza kwenye hatua, awe wa jinsia yako. Huo ni ushauri wa siku nyingi wa AA, na una sababu. Wapo wanaovizia wageni, hasa mwezi wa kwanza mtu akiwa dhaifu. Anayetaka kukupeleka nyumbani usiku wa kwanza, kukukopesha fedha, au kukutana nawe peke yenu, kataa na umweleze katibu. Katibu asipojali, hama kikundi. Mikutano ya W ipo, na mtandaoni iko mingi.

Sponsa si daktari, si benki, si mwajiri. Akikuambia uache dawa za msongo wa mawazo au kifafa, usimsikilize. Maandishi ya AA yenyewe yanasema mwanachama asijifanye daktari.

#16 Muuguzi_wa_Zamu

Nasisitiza hilo la #15. Na dawa za kusaidia kuacha, naltreksoni, akamprosati na disulfiramu, haziko kinyume na mikutano. Ila disulfiramu: ukinywa pombe juu yake unaugua vibaya, na athari yake inaweza kudumu hadi siku 14 baada ya kidonge cha mwisho. Usimtilie mtu kwenye chakula bila yeye kujua, hata kama ni mumeo na umechoka. Ni hatari kwa moyo wake. Naltreksoni haifai kwa anayetumia dawa za jamii ya afyuni.

#17 Mama_Subira

Na sisi tunaoishi na mnywaji? Yeye hataki kwenda popote.

#18 Kipanga

Pole mama. Chenu ni Al-Anon, kimeanza mwaka 1951, na Lois, mke wa Bill W., alikuwa mmoja wa waanzilishi. Vijana wana Alateen, tangu 1957. Unakwenda hata kama mnywaji hajui na hajaacha. Usiende ukitarajia kufundishwa mbinu za kumwachisha. Utachoka siku ya kwanza. Kule wanashughulika na wewe: kuacha kumfunikia, kuacha kumdanganyia kazini, usalama wako na wa watoto. Kama anapiga, tafuta msaada wa usalama kwanza. Mkutano unaweza kusubiri.

#19 Kitendawili

Kuna anayetakiwa na mwajiri alete karatasi iliyosainiwa kuwa amehudhuria. Wanasaini?

#20 Mwenye_Funguo

Vikundi vingi vinasaini, vingine havisaini, na hakuna kinacholazimika. Amwone katibu kabla ya mkutano, ampe karatasi yenye tarehe na jina la kikundi. Saini huwa ya jina la kwanza. Hawataandika ripoti ya mwenendo wake. Ya mtandaoni, asome maelezo ya mkutano. Baadhi hutuma uthibitisho kwa barua pepe. Amuulize mwajiri mapema kama ya mtandaoni inakubalika.

#21 Jicho_la_Tatu

Nimepiga simu zote za #1. Hapa nilipo hakuna kikundi, kabisa. Tuko wawili tunaotaka.

#22 Mwenye_Funguo

Wawili wanatosha. Kwa maelezo ya Pokeo la Tatu, watu wawili au watatu wanaokutana kwa ajili ya kuacha pombe wanaweza kujiita kikundi cha AA, mradi kikundi hakijafungamana na taasisi nyingine.

Chumba: kiwe na mlango ambao mtu anaingia bila kupita mbele ya watu wengi. Lipeni kodi hata kama ndogo, msikubali cha bure chenye masharti. Mwenye chumba akianza kuleta mgeni wake wa kuhubiri, mmekwisha. Funguo ziwe mbili, kwa watu wawili. Vikundi vichanga hufa kwa sababu ya ufunguo mmoja kuliko kwa sababu ya pombe: mwenye nao anaugua au anarudia pombe, watu wanakuta mlango umefungwa mara mbili, basi.

Siku na saa zisibadilike kwa miezi sita, hata mkiwa wawili tu mnatazamana. Mgawanyo wa saa moja: dakika 5 ufunguzi, 10 kusoma, 35 kuchangia, 5 matangazo na kapu, 5 kufunga. Kwa dakika tatu kila mtu, 35 zinatosha watu 11. Wakizidi hapo, ongezeni siku ya pili, msiongeze muda.

Pangeni viti vichache kuliko mnavyotarajia. Watu wanne kwenye viti ishirini wanajiona wameachwa.

Majukumu yazunguke: katibu, mweka hazina, mpokea wageni. Fedha ihesabiwe na wawili kila mara. Lipeni kodi, wekeni akiba ya kodi ya miezi michache, ziada ipelekwe ofisi ya huduma. Fedha nyingi kwenye kapu la kikundi kidogo huleta ugomvi na vishawishi.

Jisajilini kwenye ofisi ya AA ya nchi ili muonekane kwenye orodha. Kisha wekeni namba ambayo mtu anaipokea kweli, na mpelekeeni mshauri nasaha wa hospitali karatasi yenye siku, saa, mlango na namba hiyo. Lolote likibadilika, mwambieni mwenye orodha siku hiyo hiyo. Mkiwa bado mnatafuta chumba, anzeni mtandaoni: akaunti ya bure ya Zoom hukatika dakika 40, kwa hiyo pangeni mkutano wa dakika 35.

#23 Jicho_la_Tatu

Asante mkuu. Na kama wiki moja hakuna anayekuja zaidi yangu?

#24 Mwenye_Funguo

Fungua chumba saa ile ile, soma utangulizi kwa sauti, soma hatua moja, kaa mpaka saa iishe. Simu iwe wazi. Karatasi ya mlangoni iache mpaka dakika ya mwisho, maana wapo wanaofika wakiwa wamechelewa baada ya kuzunguka jengo mara tatu.